Moshi Unaonukia Nazi

Gari la Abdala likipita, watu walisikia njaa. Muulize mtu yeyote wa Mchinga aliyekuwa na akili zake miaka ile, atakuambia hivyo hivyo. Magari mengine yakipita watu walikohoa na kujiziba pua. Hili lilipita likiacha nyuma harufu ya vitumbua, na watoto waliotumwa dukani walisimama njiani wakasahau walichotumwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alilalamika waziwazi kwamba si uungwana kupitisha harufu ile mbele ya waliofunga, mchana wa Ramadhani. Abdala akamjibu kwamba gari halifungi.

Mafuta ya kuliendesha yalitoka jikoni kwa Biasha. Na habari hii ni ya Biasha hasa. Gari limo kwa sababu hapakuwa na njia ya kulitoa.

Biasha alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiopenda kupumzika. Alizaliwa Mkwajuni, kitongoji kilichokuwa kilimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka baharini. Mama yake, Bi Mwanaasha, alizaliwa huko, na huko ndiko Biasha alikomzaa Kidawa, mtoto wake pekee aliyekua. Desturi ya Mkwajuni ilikuwa kwamba mtoto akikatika kitovu, kitovu kile kilizikwa uani, na juu yake ikapandwa nazi iliyochipua. Mnazi ule ukawa wake. Ulipoanza kuzaa, mama yake aliuonyesha na kusema huyu ni fulani, kama anavyomtambulisha mtu. Mnazi wa Kidawa ulikuwa umepinda kidogo kuelekea kaskazini, na Biasha alikuwa akimtania mwanawe kwamba ndiyo maana hata yeye hasimami wima akisemeshwa.

Kisha ukaja mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu wa Mkwajuni waliambiwa wahamie barabarani Mchinga, karibu na shule na zahanati. Biasha hakuwa na ugomvi na shule wala zahanati. Lori lilikuja likapakia vitanda, vinu, kuku, milango, na Bi Mwanaasha, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Minazi haikupakiwa.

Huko Mchinga Biasha akapewa kiwanja, akajenga nyumba nzuri tu ya udongo na makuti. Lakini miaka ikapita hajapanda mti hata mmoja. Wenzake walipanda mipapai, milimau, mistafeli. Uwanja wa Biasha ulibaki mtupu, umefagiliwa, jua linapiga moja kwa moja mpaka mlangoni. Katibu wa kijiji alipomwuliza, Biasha alimjibu, "Mimi hapa nimepita tu, baba. Mnataka nipande mti wa nini?" Katibu akacheka. Biasha hakucheka.

Kila baada ya siku kadhaa alipanda kilima kwenda kwenye mahame yale. Nyumba zilikuwa zimeanguka, majani yameingia mpaka mahali palipokuwa jiko, lakini minazi ilikuwa imesimama inazaa kama hakuna kilichotokea. Aliokota nazi zilizoanguka, akaugusa mnazi wa Kidawa kwa kiganja, akashuka na mzigo kichwani. Nazi zile alizikuna, akakamua tui kwenye kifumbu, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Mafuta ya Biasha yalikuwa na sifa. Hayakuchacha, na ukipaka kichwani hayakunuka moshi.

Halafu Kidawa naye akaolewa. Mume alikuwa Nassibu, kijana wa Nyangamara aliyekuja kukata mkonge kwenye mashamba ya huku pwani, mpole, mwenye kusali, asiye na kasoro ambayo Biasha aliweza kuiona, na aliitafuta. Mkataba wa mkonge ulipokwisha, Nassibu alirudi kwao kwenye mikorosho ya baba yake, na Kidawa akamfuata. Mwanzoni hilo halikuwa balaa kubwa. Basi lilikuwepo. Ukipanda Mchinga asubuhi, ukabadilisha Lindi, jioni unakula kwa mwanao.

Lakini baada ya vita vya Kagera mambo yakageuka. Sukari ikawa ya kusikia, sabuni ya kugawiwa, na dizeli ya kuotea. Basi likapungua, likawa la bahati, kisha likasimama kabisa. Nyangamara, ambako hata si mbali, kukawa kama Uarabuni. Biasha alikuwa amemwona mwanawe mara moja tu tangu aondoke, na Kidawa ndiye aliyekuja.

Alimkosa Kidawa kama mtu anavyoumwa na jino bovu: ukiwa na kazi unalisahau, ukikaa tu linaanza. Alipakua chakula akajikuta ameweka kijiko cha tatu. Akisikia msichana anacheka njiani aligeuka. Jioni alikaa kizingitini, akatazama uwanja wake mtupu, na moyo wake ulikuwa sehemu mbili, Mkwajuni juu kilimani na Nyangamara huko bara, na hapo alipokaa hapakuwa na chochote chake ila mama mgonjwa na masufuria.

Abdala alikuwa mtoto wa dada yake marehemu. Alikuwa na pikapu ya Pijo, ya dizeli, aliyoinunua kuukuu na kuifufua mwenyewe. Zamani ilibeba watu na samaki kwenda Lindi. Sasa ilikuwa imesimama kibandani, na kuku wa Abdala alikuwa anataga kwenye kiti cha dereva. Siku moja akiwa ameshika tama anamtazama kuku huyo, Abdala alikumbuka maneno ya Ignasi, fundi mzee aliyemfundisha kazi. Ignasi alifanya kazi Nachingwea enzi za mashamba ya karanga, na alipenda kusimulia kwamba huko aliona injini ya dizeli ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Injini ya dizeli ni kama mbuzi, alisema Ignasi, haichagui sana. Abdala wakati ule alidhani mzee anatia chumvi.

Akaenda kwa Biasha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula?"

"Nimekuja kuomba mafuta."

"Ya kupikia au ya kupaka?"

"Ya gari."

Biasha aliacha kukuna nazi. Alimtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Abdala, una homa?"

Lakini alimpa, kwa sababu alikuwa hajawahi kumnyima kitu, na pia kwa sababu alitaka kuona. Walipotia mafuta, gari liliwaka, likakohoa, likatetemeka kama mtu aliyekunywa mwarubaini, likazima. Abdala alifungua mpira wa mafuta, akamimina kidogo kwenye kiganja, akasema mafuta yana maji. Biasha alikasirika. Maji? Mafuta yake? Alirudi jikoni hajaaga, akayachemsha upya mpaka yakaacha kabisa kutatarika, akayachuja kwenye kanga mpya, akayachuja tena. Aliyarudisha mwenyewe, dumu kichwani. Safari hii gari liliwaka, likanguruma, likaenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, na ndipo Mchinga nzima ikatoka nje kuuliza nani anakaanga.

Abdala alikuwa anaruka kwa furaha. Biasha alisimama akiuvuta ule moshi. Ulikuwa unanukia Mkwajuni, unanukia jiko lake la zamani. Akasema polepole, "Kwa hiyo hili linaweza kunifikisha Nyangamara."

Haukupita muda, mfanyabiashara wa korosho mwenye baiskeli akaleta salamu. Kidawa ni mjamzito, na miezi imesogea. Anamwomba mama yake amfuate.

Hapa inafaa kueleza, ingawa wenyewe hawangeona haja ya kueleza. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Za baadaye mwanamke atajifungulia popote, lakini ya kwanza anarudi kwao, analala kitanda cha mama yake, anakandwa kwa mikono ya mama yake, na kitovu cha mtoto kinazikwa hapo. Nassibu hakuwa na kinyongo na hilo. Kilichokosekana ni usafiri, maana mwenye mimba kubwa huwezi kumpakia kwenye baiskeli.

Bi Mwanaasha aliposikia habari, aliinuka kwenye mto kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mniletee kitukuu wangu nimpakate," alisema. "Kisha mnifanye mtakavyo."

Siku iliyofuata Biasha alichukua jembe akachimba shimo uwanjani. Rosa, jirani yake, aliliona shimo lile akaja mbio.

"Unazika nini?"

"Siziki kitu. Nitapanda mnazi."

"Wewe? Hapa?"

"Wa mjukuu wangu," Biasha alisema, akaendelea kuchimba. Nazi yenyewe aliileta kutoka Mkwajuni, chini ya mnazi wa Kidawa, tayari imechipua kidole. Aliilaza kivulini, nyuma ya mtungi, ikisubiri kitovu. Rosa alikwenda kutangaza, na jioni ile hapakuwa na asiyejua kwamba Biasha hatimaye ameamua kuhamia Mchinga.

Kazi ikawa kukusanya mafuta. Alikuna nazi mpaka vidole vikachanika. Majirani walinung'unika, na wao si wa kulaumiwa, maana mafuta ya kula yalikuwa hayapatikani madukani. Mwanamke mmoja alimwambia kisimani, "Sisi tunachemsha mchicha na chumvi, wewe unalinywesha gari." Biasha akamjibu, "Gari litaniletea mtoto. Mchicha wako utakuletea nini?" Lakini usiku ule alimpelekea chupa moja, akasukuma mlango, akaiweka, akaondoka bila salamu.

Abdala naye hakulala. Dizeli kidogo aliyojipatia Lindi aliitia kwenye tangi. Mafuta ya nazi aliyatia kwenye madumu nyuma, na mpira wake akaupitisha ubavuni mwa injini ili upate joto. Baina ya viwili hivi akaweka koki. Gari liliwashwa kwa dizeli. Injini ikishapata moto, koki iligeuzwa, nayo ikaanza kunywa nazi. Kabla ya kuzima, koki ilirudishwa kwenye dizeli, na gari likaachwa lingurume kidogo mpaka nazi iliyobaki mipirani iishe.

"Likizimwa lina nazi tumboni, mama mdogo, asubuhi imeganda. Haliwaki."

Biasha aliona anaelezwa jambo la watoto. Kipupwe kilikuwa kimeingia, na msimu huo hakuna mwanamke wa pwani anayechana nywele kabla hajaianika chupa ya mafuta juani. "Najua mafuta yangu," alisema.

Waliondoka alfajiri. Bi Mwanaasha aliachwa kwa Rosa, kwa ahadi ya usiku mmoja tu. Biasha alivaa kanga mpya, akakaa mbele, na mapajani akashika kapu lenye samaki wakavu na chupa ya mafuta ya kumkanda Kidawa. Wakapita Lindi, ambako watu waliokuwa kwenye foleni ya sukari waligeuka wote pamoja. Kwenye kizuizi karibu na Mingoyo askari aliinua turubai akitafuta sufuria. Alipoambiwa ukweli alidhani anafanyiwa mzaha, akaomba tonge. Baada ya hapo waliipa bahari mgongo wakaingia bara. Mchanga ulikuwa mwingi, tairi lilipasuka, likazibwa, likapasuka tena. Biasha hakulalamika hata mara moja, na Abdala aliogopa, maana hakumzoea hivyo.

Yeye alikuwa anapanga maneno. Atasema nini akimwona? Aliyapanga akayapangua. Alitaka kumgombeza kwa kutoleta salamu. Alitaka kumwuliza kama anakula. Mwisho maneno yote yalimwishia, akabaki na hamu tupu.

Jua lilikuwa linazama walipoingia Nyangamara. Wakapinda kwenye mikorosho, na Biasha akaiona nyumba kama alivyoelezwa, ya mlango wa buluu. Abdala alikwisha kunyoosha mkono kwenye koki. Wakati huohuo muadhini akaanza kuadhini magharibi.

Na adhana, kwa akina Biasha, si jambo la kupiga makelele juu yake. Redio huzimwa. Kutwanga huachwa. Mtu akiendelea kunguruma wakati wa adhana, watu huuliza ametoka kabila gani. Na hapa walikuwa wanaingia ukweni.

"Abdala! Zima gari, adhana hiyo."

"Mama mdogo, subiri kidogo nirudishe..."

"Zima! Tutaonekana wahuni mbele ya wakwe."

Akazima. Kimya kikashuka, na sauti ya muadhini ikasikika vizuri mpaka mwisho. Abdala alijiambia ataliwasha tena baada ya sala, injini ikiwa bado ya moto. Baada ya sala wanaume walimshika mkono wakampeleka barazani, ukaja ugali na mbaazi, zikaja salamu za ukoo mzima. Alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri. Kabla hawajaondoa sinia, usingizi ulikuwa umembeba hapo hapo mkekani.

Biasha hakuona hata kimoja katika hayo, kwa sababu Kidawa alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama pale kabla gari halijaonekana, tumbo mbele, mkono kiunoni.

"Nilikusikia harufu, mama," alisema. "Tangu mko kule kwenye mikorosho. Nikamwambia Nassibu, huyo mama anakuja. Akasema ni wazimu wa mimba."

Biasha alimkumbatia, na tumbo likawazuia kufikiana vizuri, wakacheka, kisha Biasha akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe, kanga mdomoni, na hakuona haya. Mama yake Nassibu, Bi Adija, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alilichukua lile kapu mkononi mwake akampa kigoda.

"Karibu, mkwe. Kaa kwanza."

Ikakubaliwa kwamba asubuhi na mapema Kidawa ataondoka na mama yake. Bi Adija alikuwa amekwisha kumfungia nguo. Biasha alilala kitanda kimoja na mwanawe, mkono juu ya tumbo lake, akamweleza habari za shimo na za nazi iliyochipua.

"Umepanda Mchinga?" Kidawa aliuliza gizani. Hakuamini.

"Bado. Nakusubiri wewe."

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umelala juu ya mikorosho na watu wamejifunika mashuka mpaka masikioni. Abdala alipiga stata. Gari likaguna. Akapiga tena. Ndipo alipokumbuka, na Biasha, aliyekuwa amesimama na furushi la Kidawa kichwani, alimwona akijishika kichwa. Wakafunua boneti. Ndani ya mpira mafuta yalikuwa meupe, yameganda kama samli.

"Ni mimi," Biasha alisema. "Ni mimi niliyesema zima."

Nyuma yao Kidawa alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Kila mwanamke aliyekuwa uwanjani alijua ni kitu gani.

Mtu mwenye akili timamu angemrudisha ndani. Biasha alikuwa na akili timamu siku zote za maisha yake, isipokuwa asubuhi ile. Alijiambia kwamba uchungu wa mtoto wa kwanza hauna haraka. Alijiambia kwamba barabara ya jana ilikuwa mbaya kwa sababu ya tairi tu. Alimwona mama yake amekaa kitandani mikono tayari, akaliona shimo, akasema, "Abdala, linahitaji nini?"

"Moto, mama mdogo. Maji ya moto, tuvike mipira vitambaa. Au tusubiri jua."

Jua lilikuwa bado liko nyuma ya ukungu. Biasha aliingia jikoni kwa Bi Adija. Kulikuwa na sufuria moja kubwa mekoni, inachemka. Aliishika kwa ncha za kanga akaitoa. Bi Adija alisimama mlangoni akamzibia njia.

"Mkwe. Maji haya ni ya mzazi au ni ya gari?"

"Likiwaka tutawahi."

"Mtawahi wapi? Utamzalisha mwanao korongoni?"

"Niachie njia, mkwe."

Bi Adija alimwachia. Sijui angefanya nini zaidi. Maji yalikuwa ya moto na Biasha alikuwa ameyabeba. Akatoka nayo uwanjani, mvuke unampiga usoni. Abdala alikuwa ameshatandaza vitambaa juu ya injini, anamsubiri. Hatua chache tu zilibaki.

Kutoka ndani, alikokuwa ameshapelekwa na wanawake, Kidawa akaita, "Mama!"

Hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama alivyokuwa akiita utotoni Mkwajuni, akiamka na kukuta kitanda kitupu. Biasha alisimama. Alilitazama gari, kisha akageuka na sufuria yake, akapita mbele ya Bi Adija bila kumtazama, akaingia chumbani.

Mtoto alikuwa wa kike. Biasha alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, akamwosha kwa maji yale, na walipofungua dirisha ukungu ulikuwa umekwisha. Nje gari liliwaka. Jua lilikuwa limelipiga boneti na mafuta yakawa maji tena, bila msaada wa mtu. Abdala alipaza sauti ya furaha, halafu akanyamaza, maana alisikia kilio cha mtoto.

Baadaye alijaribu kumfariji. "Lingewaka mapema, mama mdogo, angezalia njiani."

"Najua, Abdala."

"Basi ni heri."

"Nimesema najua. Nyamaza."

Alijua, na kujua hakukumsaidia kitu. Kilichomuuma kilikuwa kile kile: mzazi hatoki nje mpaka arobaini ipite, na hilo Biasha mwenyewe asingelivunja hata kama gari lingekuwa na mabawa. Kidawa angebaki. Na Biasha asingeweza kubaki naye, kwa sababu kwa Rosa alikuwako kikongwe asiyeweza kujigeuza, aliyeahidiwa usiku mmoja, na gari jingine la kumrudisha halikuwepo.

Bi Adija alikuja akakaa naye jikoni. "Kitovu kitazikwa hapa," alisema. "Alipozaliwa ndipo. Hilo siwezi kukupa."

"Sikuombi."

"Lakini jina tunakuachia wewe."

Biasha alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Aitwe Mwanaasha," na ikawa zamu ya Bi Adija kutazama pembeni, kwa sababu sauti ya mwenzake ilikuwa imekatika katikati ya jina.

Kuaga kulikuwa kugumu. Kidawa alimshika mkono hataki kuuachia, na alikuwa analia kama mtoto mbele ya mtoto wake. "Kaa, mama. Kaa hata mpaka kesho."

"Bibi yako yuko kwa watu."

"Na shimo?"

"Silifukii," Biasha alisema. "Siku utakayokuja naye, atapanda mwenyewe. Hata kama atakuwa anatembea." Alimwachia ile chupa ya mafuta ya kukanda. Akabusu paji la uso la Kidawa, na la mtoto, akatoka haraka.

Abdala akawasha gari. Moshi mweusi wa dizeli ukatoka, mkali, wa kuchoma macho, na wanawake uwanjani wakajifunika nyuso. Biasha aliutazama moshi ule kwenye kioo.

"Geuza koki," alisema.

"Bado, mama mdogo. Injini haijapata moto. Tukifika barabarani..."

"Barabarani nani ataunusa? Zungusha kijiji mpaka ipate moto."

"Mafuta yenyewe ni ya kurudia tu. Yakitupungukia je?"

"Nitatembea. Zungusha, Abdala."

Abdala akatia gia. Wakauzunguka msikiti, wakapita ghala la korosho, wakapita shule, ambako watoto walipiga makofi bila kujua kwa nini, wakarudi msikitini. Abdala aliweka kiganja juu ya dashibodi, akatikisa kichwa kwamba tayari, akageuza koki. Wakarudi polepole mbele ya mlango wa buluu, na sasa moshi ulikuwa ule mwingine. Watu walianza kuchungulia wakiuliza nani anakaanga.

Pazia la mlango likasogea. Kidawa hakuvuka kizingiti, kwa sababu haruhusiwi. Alisimama ndani yake tu, pazia begani, mtoto kifuani, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Biasha alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, anatazama nyuma, vumbi linamwingia machoni naye hajali. Alimwona mwanawe akilifunua shuka kidogo usoni kwa mtoto na kumgeuza aelekee barabarani, ili naye asikie.